Mpwa wangu anataka kutoka kwenye kikundi cha dini alichokulia, upande wa Nachingwea. Tuanzie wapi?

Kishina Kimoja (aliyeuliza)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mawazo ya watu wanaoyajua haya mambo. Mahubiri na matusi tuviweke pembeni.

Mpwa wangu wa kiume ana miaka 19, mdogo wake wa kike ana 14. Wamekulia kwenye kikundi cha maombi, wanaishi kambini, watu kama sitini hivi. Mama yao, dada yangu, bado yumo na haambiliki. Kiongozi ndiye anayepanga nani aoe nani, nani aende hospitali, nani asome. Simu zinakabidhiwa kwake Jumamosi jioni, zinarudi Jumatatu. Kijana aliachishwa shule akiwa kidato cha pili kabla ya mtihani. Hana kitambulisho cha taifa cha NIDA kwa sababu wanafundishwa kwamba zile namba ni alama ya mnyama. Shuleni aliandikwa Juma, kikundini wanamwita Yoeli. Korosho za shamba la bibi yao siku hizi zinauzwa kwa jina la kiongozi.

Kijana kamtuma mtu kwangu kusema anataka kutoka, na binti pia anataka. Mimi nipo Masasi, pa kulala papo. Nilifikiria kukodi gari Jumapili hii nikawachukue wote wawili. Kuna ubaya?

---

Binti Mikindani

Ubaya upo, mjomba, tena mkubwa, na upo kwa huyo wa miaka 14. Hao wawili usiwaweke kwenye mfuko mmoja. Kisheria ni safari mbili tofauti.

Wa miaka 19 ni mtu mzima. Hahitaji ruhusa ya mama, ya kiongozi wala ya kikao. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kuibadili. Wakimfungia mlango au kumzuia njiani, hilo ni kosa la jinai kwao. Yeye anaweza kutoka kesho kwa miguu yake.

Wa miaka 14 ni mtoto, na mama yake ndiye mlezi halali. Ukimpakia kwenye gari bila ridhaa ya mama, hata kwa nia njema, wanakwenda polisi na kusema umemtorosha mtoto. Utalala ndani, binti atarudishwa kambini, na safari hii atalindwa kuliko mwanzo. Vikundi vya namna hii vinalijua hilo na vinalisubiri.

Njia yake inapita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lile, kwa hiyo hutakuwa umejiingiza kwenye mambo ya watu. Andika barua. Usiende kulalamika kwa mdomo tu, maneno ya mdomo yanapotea mezani. Weka mambo yanayopimika: tarehe aliyoacha kwenda shule, ugonjwa alioumwa akazuiwa kutibiwa, siku alizofungishwa bila chakula, kipigo, mpango wowote wa kumwoza. Usiandike "wanaabudu vibaya". Ofisi haina namna ya kupima ibada, na kiongozi atajitetea kirahisi kwamba anaonewa kwa imani yake. Nakala moja ibaki kwako ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Mkipata ushirikiano, ustawi wanaweza kuomba mtoto akae kwa ndugu au kwa mlezi wa kuaminika wakati suala linaendelea. Hapo ndipo wewe na chumba chako mnapohitajika. Kama kuna hatari ya leo leo, piga 116, ni namba ya bure ya watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Akiwa na majeraha, omba PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, kabla hajatibiwa, isipokuwa hali ni mbaya. Hapo hospitali kwanza.

Jambo moja linalosahaulika sana: binti bado yumo kwenye rejista ya shule? Kama yumo, fanya juu chini jina lisifutwe. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba, anakabiliwa na miaka 30 jela. Kiongozi anayepanga ndoa anamwogopa mwanafunzi kuliko anavyomwogopa binti aliye nyumbani. Ongea na mwalimu mkuu, mwombe aandike utoro kama utoro na atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji. "Amehama" isiandikwe.

---

Mzee wa Nanganga

Umeelezwa vizuri na dada hapo juu. Mie naongeza la kwetu kusini. Wewe ni mjomba wao, ndugu wa mama. Kwa Wamwera na Wamakonde hilo si jina tu. Wale watoto ni wa ukoo wenu, na hata mama yao akiwa amelewa maombi kiasi gani, neno la mjomba kuhusu watoto linasikika kwa wazee wa kijiji. Ukienda kwa mtendaji, usiende peke yako kama mtu mwenye ugomvi. Nenda na wakubwa wawili wa ukoo. Kikao kikiandikwa muhtasari, hiyo ni karatasi ya kuwapelekea ustawi.

Na gari la kukodi acha. Kijiji kizima kitajua kabla halijazima injini.

---

Stakabadhi

Nizungumzie karatasi na siku ya kutoka, maana watu wengi wanarudi kambini ndani ya mwezi si kwa sababu wameikumbuka imani. Wanarudi kwa kuwa hawana namba, hawana laini, hawana kazi, na kule kuna ugali.

Mpango mzuri unakwenda kinyume na moyo unavyotaka. Moyo unataka kutangaza kwanza: kusimama mbele ya watu, kusema "nimechoka, natoka". Tangazo liwe la mwisho, au lisiwepo kabisa. Akitangaza kabla, vinafuata vitu vitatu. Simu inachukuliwa, anawekewa mtu wa kulala naye chumba kimoja, na ile toba aliyowahi kuungama inatolewa hadharani ili aone aibu. Kama aliwahi kuungama jambo zito kwa kiongozi, wewe mjomba mwambie mapema kwamba hata likisemwa, chumba chake kipo palepale. Mara nyingi hiyo ndiyo kamba iliyomfunga, kuliko hata mlango.

Karatasi sasa. Bila cheti cha kuzaliwa, NIDA itasumbua, na bila NIDA laini hapati, na akaunti inakuwa shida. Kwa mtu mzima ambaye hakuandikishwa, maombi yanapita ofisi ya RITA, wanaosajili vizazi, iliyopo kwa Mkuu wa Wilaya. Wanataka ushahidi wa zamani wa kuzaliwa: kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza darasa la saba, cheti cha ubatizo, pamoja na kiapo cha ndugu anayejua kuzaliwa kwake. Mama hatatoa kiapo. Wewe mjomba au bibi mnaweza kuulizia kukitoa.

Hapa ndipo penye mtego wa Juma na Yoeli. Akipeleka cheti cha shule kinachosema Juma, halafu cha ubatizo cha kikundi kinachosema Yoeli, faili linasimama. Achague jina moja leo. Ushauri wangu ni Juma, kwa sababu jina la shule lina rekodi serikalini, la kikundi lina daftari la kiongozi tu. Cha ubatizo asikitoe kabisa. Kama Yoeli tayari limeingia kwenye karatasi fulani ya maana, ataenda kwa wakili au hakimu aape kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kiapo hicho kiambatishwe. Cheti cha darasa la saba kikiwa kwa kiongozi, asikigombanie. Shule aliyosoma ina namba yake ya mtihani. Mwalimu mkuu anaweza kuandika barua ya utambulisho yenye namba hiyo, mwaka na muhuri.

Baada ya cheti: fomu ya NIDA, barua ya mtendaji, alama za vidole na picha. Asisubiri kadi ya plastiki. Namba yenye tarakimu 20 ndiyo inayofanya kazi, kwa laini na kwa akaunti. Anuani aweke ya Masasi kwako.

Laini anayotumia sasa lazima imesajiliwa kwa namba ya mtu mwingine, maana yeye hana yake. Ukiwa kwenye laini unapiga *106# kuangalia usajili. Kama ni jina la kiongozi au la mtu wake, basi hela iliyomo si salama na ujumbe si salama. Mwenye usajili anaweza kuirudisha laini hiyo kwenye simu nyingine kwa alama ya kidole chake, na salio la pesa likaenda naye. Kwa hiyo asipokee hata shilingi yako humo. Mpe mtu unayemwamini taslimu, kidogo kidogo. Kiasi cha kuanzia: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi endapo hatamkuta mtu, na chakula cha siku tatu. Zaidi ya hapo inakuwa mzigo wa kuficha.

Siku ya kutoka. Jumapili ni siku mbaya kuliko zote: wote wapo, wanahesabiana, na simu zimeshikwa. Siku nzuri ni ile ambayo kutoka kwake kuna sababu ya kawaida: gulio, kusaga, kliniki. Na huu ni msimu wa salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho. Salfa inapulizwa alfajiri wakati majani yana umande na upepo haujaamka, ili unga ushike, kwa hiyo watu wanatoka na mashine gizani, saa tisa, saa kumi usiku, kila mmoja shamba lake, nyuso zimefungwa vitambaa. Hakuna anayehesabu watu saa hiyo. Anayetoka akiwa na unga wa njano hadi kope za macho haulizwi anatoka wapi.

Abebe mwili wake na nguo. Mashine aiache shambani palepale, panga aliache, baiskeli hata kama aliinunua yeye aiache kama hana risiti. Hatua yao ya kwanza baada ya mtu kutoweka ni kufungua kesi ya wizi. Akifika Masasi, siku hiyohiyo aende kituo cha polisi na wewe, aseme jina, umri, kwamba ameondoka kwa hiari na yupo salama. Aombe iandikwe kwenye kitabu cha taarifa na apewe namba ya RB. Wakija na "kijana wetu kapotea" au "kaiba", wanaikuta taarifa imeshatangulia.

---

Kishina Kimoja

Nashukuru sana ndugu zangu. Jumapili nimeifuta. Kesho naenda kwa mwalimu mkuu kwanza.

Maswali mawili. Huyu kijana wamekuwa wakifunga mfululizo, mtu aliyemtuma anasema kakonda sana, siku ya nane sasa wanakunywa maji na uji mara moja jioni. Nikimpata nimlishe nini? La pili, anasema akiwaza kutoka anaota kiongozi anamlaani, anaamka anatetemeka. Hilo linatibiwaje?

---

Nesi wa Kusini

La chakula nijibu haraka maana linaua watu kimya kimya. Usimchinjie kuku siku ya kwanza.

Mtu aliyekaa zaidi ya siku tano bila chakula au na chakula kidogo mno, mwili umezoea kuishi kwa akiba yake. Ukimpa sinia la wali ghafla, sukari inapanda, mwili unavuta madini ya damu, hasa fosfeti na potasiamu, kuingia ndani ya seli, na kiwango kwenye damu kinashuka kwa saa chache. Moyo unakwenda ovyo, pumzi inakata, miguu inavimba, anachanganyikiwa. Familia inasema "kalaaniwa kwa kutoka", na kikundi kinashangilia, kumbe ni sinia. Baada ya yaliyotokea Shakahola kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, ambako waumini walifunga hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, hili halihitaji maelezo marefu.

Kwa hiyo siku nane na kakonda sana: apite hospitali kabla ya jikoni. Mwambieni daktari waziwazi idadi ya siku na alichokuwa anakunywa, apimwe damu, na wataamua kama anahitaji vitamini B1 kabla ya kuanza kula. Njiani kama kuna mwendo, vikombe vidogo vya uji mwepesi usio na sukari nyingi, nusu kikombe kila baada ya saa mbili, basi. Siku za mwanzo chakula kiwe chini ya nusu ya anachokula mtu wa umri wake, kisha kinaongezwa taratibu kwa wiki moja. Soda hapana. Akivimba miguu, akihema haraka au moyo ukidunda ovyo, rudini hospitali usiku huohuo.

Ulizia pia kama kuna dawa aliachishwa: za kifafa, za kifua kikuu, ARV, za selimundu. Watu wengi wanatoka huko wakiwa wameacha dawa kwa "uponyaji". Asianze mwenyewe kwa vidonge vilivyobaki. Kifua kikuu kilichokatizwa kinahitaji vipimo upya, na wa ARV arudi kliniki ya CTC hata kama kadi imepotea. Wanampokea.

Kuhusu ndoto na kutetemeka. Mtu aliyelelewa humo tangu mdogo hana maisha ya kabla ya kurudia. Aliyejiunga akiwa na miaka 30 anaweza kusema "nitarudi nilivyokuwa". Huyu wako hana "nilivyokuwa". Hofu aliipata pamoja na lugha. Kwa hiyo usimwambie "laana ni uongo", hata kama ndivyo unavyoamini. Kichwa kitakubali na mwili utaendelea kutetemeka. Kinachosaidia ni vitu vidogo na vya kujirudia: saa ileile ya kulala, taa ndogo usiku, mtu chumba cha jirani, kazi ya mikono asubuhi. Akiamka anatetemeka, aweke miguu chini kwenye sakafu ya baridi, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, atoe pumzi taratibu kuliko anavyoivuta. Nyimbo za kikundi zikipigwa mahali zinaweza kumrudisha palepale. Hilo ni la kawaida na linapungua kwa miezi, si kwa siku.

Utaona pia hawezi kuchagua. Ukimuuliza "unataka chai au uji" atakuangalia machoni akitafuta jibu lako. Mpe chaguo mbili tu, halafu nyamaza hadi achague. Usimchagulie kwa huruma, maana kuchaguliwa ndiko alikotoka. Zikipita wiki tatu nne halali usingizi, hali chakula, au anasema heri kufa, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, mkaulizie huduma ya afya ya akili.

Na tafadhali asikimbizwe kwenye maombezi ya kumtoa "roho ya kikundi" kule kwingine wiki ya kwanza. Anatoka kwa baba mmoja anaingia kwa baba mwingine. Akitaka kusali, asali. Akitaka kukaa bila kusali mwaka mzima, akae.

---

Mzee wa Nanganga

Hapo kwenye nyimbo umesema kweli nesi.

Kuna tishio moja hamjaligusa, nalo kwetu huku ndilo la mwisho linalotolewa: "ukitoka nani atakuzika?" Watu wa mjini mnacheka, lakini mtu aliyekulia kambini hajawahi kuona msiba wa nje, wala hajui kama kuna watu watakaobeba jeneza lake. Tishio hilo halijibiwi kwa maneno. Mwingize kwenye kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kwako mwezi wa kwanza, jina lake liandikwe daftarini, atoe mchango wake mwenyewe hata kama hela umempa wewe, na msiba wa kwanza utakaotokea aende akachimbe kaburi na vijana wenzake. Akirudi na udongo kwenye suruali, lile tishio limekwisha nusu.

Dada yako usimkate. Atakatazwa kuongea na mwanae, atapita barabarani kama hamjui. Kijana aambiwe mapema kwamba hilo litatokea, asilipokee kama jipya. Wewe endelea kupeleka habari za kawaida tu, nani kazaa, nani kaumwa, korosho zimetoaje. Usimtukane kiongozi wake hata kwa utani. Siku akitaka kutoka yeye, ataangalia ni mlango upi haukumtukana.

---

Stakabadhi

Nimesahau korosho. Mjomba, nenda chama cha msingi mnakouzia, ukiwa na barua ya mtendaji na bibi mwenyewe kama anatembea, muulize shamba la bibi limesajiliwa kwa jina la nani kwenye daftari la wakulima. Malipo ya mnada yanaingia kwenye akaunti ya aliyesajiliwa, na pembejeo pia zinakwenda kwake. Kama ameandikwa kiongozi, ombeni marekebisho sasa kabla minada haijaanza Oktoba. Mzigo ukishapokelewa ghalani kwa jina lake, hela itafika kwake na kuirudisha ni kesi. Halmashauri ya kijiji iseme kwenye muhtasari wake shamba ni la nani. Kama bibi hana hati ya kimila ya ardhi, huo muhtasari ndio wa kwanza kutafuta.

Sadaka alizotoa na kazi alizofanya miaka yote msihangaike nazo. Madai ya kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30 kwa kuachishwa, 60 kwa mengine, na jibu lao litakuwa kwamba alikuwa anajitolea. Hakuna mkataba, hakuna mshahara uliowahi kulipwa. Nguvu ziende kwenye shamba.

Shule: kwa kuwa hakufanya mtihani wa kidato cha pili, anaanza na mtihani wa maarifa, ule wa QT, ndipo asajiliwe kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vituo vya elimu ya watu wazima ndivyo vya kuulizia. Asipotaka kitabu, VETA Mtwara wana fani za mikono. Ila namba ya NIDA aishughulikie kwanza, isije ikamkwamisha kwenye fomu.

---

Kishina Kimoja

Mwalimu mkuu amekubali, binti bado yumo rejista darasa la saba. Utoro umeandikwa na barua imekwenda kwa mtendaji, nakala ninayo. Ustawi wamesema Alhamisi.

Kadi ya kliniki ya binti anayo bibi, imechanika pembeni lakini tarehe inasomeka.

---

Binti Mikindani

Ipige picha leo, mbele na nyuma, usisubiri Alhamisi. Halafu bibi akae nayo yeye, isiende kambini hata kwa dakika.